Udongo wa Majani ya Mkungu

Mvua ikipiga majani makavu, hutoka harufu moja inayonirudisha nyuma ya nyumba ya bibi yangu, Kisauni, palipokuwa na gunia kuukuu lililowaudhi majirani.

Wenzetu walifagia nyua zao asubuhi na kuchoma majani. Bibi naye alifagia, ila majani ya mkungu, mti mkubwa uliotutilia kivuli uani, aliyashindilia guniani, akayalowesha na kuyaacha yaoze. Bi Rukia, jirani yetu, alishindwa kuvumilia.

"Mwana Esha, jaa hili mwaliweka la nini, na nyumba yenu ilivyo safi?"

"Ni chakula cha mgonjwa wangu," Bibi akamjibu.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa mwasumini, mti wa maua ya kunukia, uliokuwa kwenye debe, ambao Mama aliuacha alipofariki. Mchanga wetu haushiki maji, na maji ya kisima yana chumvi. Majani ya mwasumini yalipauka, yakaanza kupukutika. Mimi nilishaamini kwamba mti ule ukifa, Mama atakuwa amekufa tena. Kila nikitoka chuoni kusoma Qurani nilichungulia guniani, nikayakuta majani ni yale yale, nikanuna.

Masika yalipokwisha, Bibi aliniita.

"Abee!" nikaitika.

"Njoo utie mkono humu."

Nilitia mkono, na wallahi sikuamini. Hapakuwa na jani hata moja. Palikuwa na udongo mweusi, laini, wa baridi, unaonukia mvua. Nyungunyungu alinipita kiganjani nikapiga ukelele, lakini mkono sikuutoa.

"Majani yamekwenda wapi, Bibi?"

"Hayakwenda pahala, mwanangu. Ndiyo haya."

Niliutazama mkungu juu, kisha nikatazama kiganja changu. Ajabu ile haijanitoka hadi leo.

Tuliuhamishia mwasumini kwenye udongo ule. Ulichipua taratibu, kisha alasiri moja ukawa na vitumba vya maua. Bibi alivichuma kabla havijafunguka, akavitunga uzini na kunivika nyweleni. Kimoja kilichobaki alikichomeka kwenye nywele zake, yeye ambaye hakuwa amevaa ua tangu siku ya maziko ya Mama. Halafu akalia.

"Usilie, Bibi," nikambembeleza. "Mti wa mama yangu umepona."

Akaniitikia kwa kichwa tu. Leo nami nina binti, na gunia langu liko uani. Nilipomzaa ndipo nilipofahamu kwamba muda wote ule nilimlilia mama yangu mbele ya mwanamke aliyemzaa.