Wimbo Nilioupeleka Ukweni Kyambogo

Nyinyi mnaoniuliza kwa nini wimbo wangu ukipigwa mahali mimi nainuka natoka, leo nitawaambia, ingawa ni aibu ambayo nikiikumbuka hata nikiwa peke yangu chumbani nafunika uso kwa mikono kama mtu anayetazamwa.

Mimi ni mtu wa Bungoma, nilikuja Kampala kuuza redio za magari pale Nakivubo, na Jumamosi mchana nilikuwa nashinda Kansanga kwa Dieudo, Mkongo mmoja aliyekuwa na kompyuta, maikrofoni na godoro aliloliegemeza ukutani kuzuia mwangwi. Tulikuwa tunatengeneza muziki wa hausi, si ile ya kelele, ile ya taratibu yenye kinanda na sauti ya mtu anayeimba kama yuko kanisani (nimekulia kwaya, sauti ninayo, msicheke). Wakati huo nilikuwa najiandaa kwenda kwa kina Nakato, mchumba wangu, Mganda, binti wa mwalimu wa Kyambogo. Wenyewe wanaiita kwanjula, siku mwanamume anapelekwa mbele ya ukoo mzima wa msichana, na mimi kwa akili zangu nikaona hapo ndipo pa kuzindulia wimbo wangu wa kwanza.

Wimbo ulikuwa wa Kiswahili. Lakini baba yake Nakato Kiswahili hakukipenda, kwake ilikuwa lugha ya askari waliokuwa wakigonga milango zamani, basi nikaamua kutia neno moja la Kiganda kwenye kiitikio, sirikuta, yaani sitakuachilia. Neno moja tu. Ningemsikilizisha Nakato mambo yangeishia hapo hapo, lakini nilitaka alisikie siku yenyewe, mbele ya watu, ashindwe kujizuia kwa furaha. Dieudo akaichukua sauti yangu akaikata kidogo kabla ya ile "ta", akaacha pengo, ngoma ikadunda ndani yake, na kusema kweli ilipendeza. Nikamuuliza kama hajaliharibu neno.

"Acha vile, ndugu," akaniambia. "Pale wimbo iko inapumua."

Siku ikafika, nimevaa kanzu na koti, mama yangu ametoka Bungoma na shangazi zangu, tumekaa kwenye hema letu tukitazamana na hema la wenyeji. Nakato akatoka na wenzake, amevaa gomesi ya rangi ya dhahabu, na kijana aliyekodiwa kupiga muziki akauweka wimbo kama tulivyopanga. Kinanda kikaanza, watu wakatikisa vichwa, mama akafuta machozi, nikasema moyoni leo ni leo. Kiitikio kilipoingia vijana wa upande wao wakacheka. Nikadhani wamefurahi. Basi (hapa ndipo natamani ardhi ingepasuka) nikasimama, nikachukua kipaza sauti, nikaenda katikati ya uwanja nikaimba mwenyewe nikimnyooshea Nakato mkono, na lile pengo la Dieudo nikalitoa vizuri kabisa, nikakata, nikasubiri ngoma, nikamalizia, kisha nikawapa vijana kipaza sauti waitikie, wakaitikia wakicheka mpaka wanashikana mabega.

Halafu vicheko vikaanza kukatika, kwanza kwa wazee. Nakato akainamisha kichwa. Mama yake akainuliwa na wanawake wawili wakamwingiza ndani, nami nikadhani ni machozi ya furaha kama ya mama yangu, nikarudia kiitikio.

Baba yake akasimama, muziki ukazimwa.

"Wewe kijana," akasema, tena kwa Kiswahili, "hiyo maneno yote naimba, najua iko nasema nini?"

"Najua, baba," nikajibu kifua mbele. "Na naapa mbele ya watu wote hawa."

Akaingia ndani, hakutoka tena.

Senga, yule shangazi yake Nakato aliyekuwa akinisimamia, akanivuta nyuma ya hema. Akanieleza kwamba kwa Kiganda ukiikaza ile t, kuachilia kunakuwa kuua, na lile pengo la Dieudo ndilo lililoikaza, kwa hiyo nilikuwa nimesimama katikati ya uwanja wao nikimwimbia binti yao kwamba sitamuua. Nikashusha pumzi, karibu nicheke, nikamwambia ni kosa la matamshi, turudi tukawaeleze watacheka. Yeye hakucheka. Nilijua Nakato alikuwa na pacha aliyefariki, Babirye, lakini aliniambia tu kwamba alikufa ghafla, sikuchimba.

"Babirye liuawa na bwana yake," Senga akasema. "Na huyo bwana lisimama hapa na kanzu kama wewe, akaapa."

Sikumbuki vizuri niliyofanya baada ya hapo. Msemaji wetu alipiga magoti akaomba radhi, wakaitika kwa heshima, chakula kikaletwa kikapoa mbele yetu, kisha tukaombwa turudi na vikapu vyetu vya zawadi. Mama alipakata kikapu chake njia nzima.

Nakato tulionana mara moja baadaye. Hakunigombeza. Akasema, "Najua hukukusudia. Lakini kila utakapoingia nyumbani, mama atausikia ule wimbo."

Na wimbo? Yule kijana wa muziki alibaki nao, ukafika redioni, watu wakaupenda kwa sababu ya kile kichekesho cha sitakuua, wateja wakawa wanaujaribia spika dukani kwangu huku wakinipa pongezi. Nilimpigia mtangazaji nikamsihi auache. Akaniambia nimshukuru Mungu, wasanii wengine wanalilia bahati hiyo.

Siimbi tena, wala msiniombe. Na sasa nikikaribishwa kwa watu, kabla sijavaa nguo nzuri wala kuandaa zawadi, nauliza kwanza walimzika nani na alikufaje, hata wakiniona sina adabu.