Chungu cha Mafuta ya Bata Bukini

Kengele ya maungamo ilimkuta Emmot Thurlby njiani kwenda kanisani, miguu mizito, chapati moja ya maji ikimchoma chini ya shali. Ilikuwa Shrovetide, siku za kuungama na kushiba kabla ya Kwaresima, na kijiji kizima cha Wragthorpe kilikuwa jikoni kikimaliza mayai na mafuta.

Huko kumaliza ndiko kulikomuumbua. Asubuhi, akikomba stoo lisibaki hata tone, alikiona chungu chake cha mafuta ya bata bukini nyuma ya pipa la njegere, alikokificha mwenyewe panya wasikifikie. Chungu hichohicho alikuwa amekililia kisimani tangu Krismasi, akimtaja jirani yake Hawise Pell kuwa ndiye mwizi. Jana watoto walipopita wakivurumisha vigae vya vyungu milangoni, kama ilivyo desturi ya siku hizo, kwa Hawise walirusha hadi mbao za mlango zikapasuka. Wazazi wao walitazama tu.

Alipiga magoti mbele ya Padri Gervase, majirani wakingoja zamu nyuma yake, akanong'ona.

"Sauti, mama. Masikio yangu yamezeeka."

"Nimemsingizia Hawise, Baba."

"Wapi?"

"Kisimani. Mbele za watu."

"Basi kaseme mbele za watu, ndipo urudi nikuondolee dhambi."

Alimkuta Hawise kando ya uwanja, akifunga mizigo kwenye mkokoteni wa kaka yake. Uwanjani wanaume walikuwa wakigombea mpira.

"Nimekuletea chapati, shoga," Emmot akasema kwa sauti ya chini.

"Shoga? Juzi si nilikuwa mwizi?" Hawise alikaza kamba bila kugeuka. "Kuniaibisha, kisimani. Kuniomba radhi, unaninong'oneza?"

Emmot akaugeukia uwanja.

"Jamani! Hawise hakuiba! Chungu nilikificha mwenyewe, nikasahau!"

Mpira ukasimama.

"Loo, Emmot!" mmoja akadakia. "Kumbe panya wamekushinda akili!"

Hakuna aliyecheka. Waliinamia matope, maana watoto waliorusha vigae kwa Hawise walikuwa wao.

Hawise akapanda mkokoteni.

"Bado unaondoka?"

"Uongo ulikuwa wako, Emmot. Walioamini ni wote hawa. Niishi na nani?"

Farasi akavuta. Emmot alibaki kati ya watu wasiomtazama, mafuta ya chapati yakigandia vidoleni, asiweze kuila wala kuitupa, na kengele ikaanza kumwita tena.