Wodi Iliyofunguliwa Kabla Haijaisha

Saa moja na nusu asubuhi, mwanamke mwenye kofia ngumu nyeupe anapanga viti kwa duara ndani ya kontena linalotumika kama ofisi ya ujenzi. Feni imekufa. Nje, mashine ya kuchanganyia zege imeanza kunguruma, na vumbi la saruji linaingia kupitia dirisha lisilofungika.

Wasimamizi wa mafundi wanaingia mmoja mmoja: wa umeme, wa plasta, wa dari, wa rangi. Wanaketi na kutazama viatu vyao.

"Haya jamani, nani amekwama?" anauliza.

Anazungusha macho kwenye duara.

"Hakuna? Hata mmoja?"

"Mambo shwari, Mama Ratiba," anajibu msimamizi wa umeme, na wenzake wanaitikia kwa vichwa.

Anajua si kweli. Ametoka kupita ndani ya jengo sasa hivi, na nyaya bado zinaning'inia ovyo. Hata hivyo anachukua kalamu ya kijani na kupaka kisanduku cha umeme kwenye chati ya ukutani. Kijani maana yake kazi ya wiki imekwisha, na chati yote ni ya kijani.

"Ukiitazama kwa mbali utadhani shamba la mpunga," anasema wasimamizi wakishatoka. Hacheki.

Jina la Mama Ratiba alipewa na mafundi. Kwa mkandarasi aliyemwajiri, kazi yake ni kupanga nani aingie lini, afanye nini na ampishe nani. Alianza kama karani wa stoo, na huko ndiko alikoanza kushangaa. Fundi dari alikuwa akikaa siku nzima kivulini akimsubiri fundi bomba; fundi bomba naye anasubiri mabomba; mabomba yamelala stoo kwa sababu hakuna aliyesema yanahitajika.

"Ratiba ilikuwa inatoka makao makuu, imechapwa vizuri, ina mistari ya kupendeza," anasimulia. "Mafundi walikuwa wanaitumia kufungia misumari. Aliyeiandika hajawahi kuwauliza kitu."

Akaenda kusoma kozi ya jioni ya usimamizi wa miradi. Alipopewa mradi wa wodi mpya ya wazazi katika hospitali moja ya umma, akaomba ajaribu njia nyingine. Kila Jumatatu aliwakalisha wasimamizi kwa duara. Hakuwauliza watamaliza lini. Aliwauliza nini kitawazuia.

Mwanzoni waliona aibu. Fundi kukiri mbele ya wenzake kwamba amekwama si jambo dogo. Aliyevunja ukimya alikuwa fundi bomba mzee waliyemwita Babu Koki.

"Mficha uchi hazai," alisema siku hiyo, "na sisi hapa tunajenga wodi ya wazazi. Mimi sina viungio vya mabomba. Nani anavyo?"

Kontena zima lilicheka. Kuanzia hapo watu wakafunguka midomo. Kabla ya vikao hivyo, katika kila kazi kumi zilizoahidiwa kwa wiki, nne ndizo zilikuwa zinakamilika. Baada ya miezi mitatu zikawa nane. Mafundi walianza kupishana bila kugombana, na Mama Ratiba akaanza kufika nyumbani watoto wakiwa bado macho.

Kisha akaja mkurugenzi mpya wa kampuni ya mkandarasi.

Aliingia kwenye kikao akiwa amesimama, mkono mfukoni. Tarehe ya ufunguzi imewahishwa kwa miezi miwili, alisema, na wageni wameshaalikwa. Wodi ya zamani itabomolewa wiki hiyo hiyo ili kupata nafasi ya maegesho. "Neno 'bado' sitaki kulisikia humu ndani," akaongeza. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Babu Koki akainua mkono. Mabomba ya oksijeni hayajapimwa presha, alisema, na dari likifungwa hakuna atakayeona yanapovuja. "Mkubwa, safari hii wanaokusikia ndio watakaovunjika. Bomba halijui tarehe."

Mama Ratiba alisimama kumuunga mkono. Alieleza kwamba kupima kunahitaji wiki mbili, na dari likifungwa leo litakuja kuvunjwa kesho. Mkurugenzi alimsikiliza mpaka mwisho, kwa upole hata, halafu akamjibu: "Dada, kazi yako ni kupaka kijani. Paka."

Jioni ile Babu Koki aliambiwa getini asirudi tena. Sanduku lake la vifaa lilitolewa nje na mlinzi, ambaye hakuweza kumtazama usoni.

Mama Ratiba alikwenda kumweleza muuguzi mkuu wa wodi. Muuguzi akawaeleza wakubwa zake. Jibu lililorudi lilikuwa kwamba turubai za sherehe zimeshakodiwa.

Dari likafungwa, rangi ikapakwa, utepe ukakatwa. Wazazi wakahamishiwa kwenye vitanda vipya. Haikupita wiki ya pili, presha ya oksijeni ikaanza kushuka, na kwa kuwa kila kitu kilikuwa kimefunikwa, hapakuwa na wa kuonyesha tundu lilipo. Wodi ikafungwa. Ya zamani ilikwisha kuwa kifusi.

Leo wazazi wanajifungulia katika chumba kilichokuwa cha kufulia nguo. "Vitanda vimebanana, nikimhudumia huyu namkanyaga yule," anasema muuguzi mkuu. "Mitungi ya oksijeni tunaazima jengo la pili."

Kuna mtoto aliyezaliwa bila kulia, siku ambayo mtungi ulikuwa umeisha. Muuguzi kijana alimkumbatia na kukimbia naye akivuka uwanja kuelekea jengo la pili. "Hakufika. Yaani muuguzi alifika. Mtoto hakufika."

Kesho yake asubuhi, baba wa mtoto huyo alisimama kwenye geti la ujenzi. Mama Ratiba alimwona akiwa amevaa shati lililopigwa pasi, ameshika mfuko wa nguo za mtoto, mpya, bado zina vibandiko vya dukani. Alijiandaa kutukanwa.

"Hakunitukana," anasema. "Aliniuliza tu, 'Dada, mtamaliza lini? Maana na mdogo wangu mkewe ni mjamzito.' Hiyo ndiyo kazi yangu, kujibu swali hilo. Nimesomea. Nilimwambia pole, akaniambia asante, akaondoka."

Tangu siku hiyo Mama Ratiba hali chakula vizuri. Mumewe, fundi cherehani, amefikia kumpelekea chakula kitandani kama mgonjwa. "Mteja akitaka suti kesho, mimi namwambia akanunue dukani," anasema mume akijaribu kumchangamsha. "Siwezi kukata kitambaa cha mtu kwa haraka zake. Nilimwambia mama watoto, acha kazi, tutakula tulichonacho."

Hajaacha. Wana watoto watatu shuleni, na cherehani moja haiwatoshi wote. Lakini anasema si hilo pekee. "Nikiondoka watamleta mtu asiyeuliza kabisa. Mimi angalau nauliza, japo hawanijibu tena. Siwalaumu. Waliona yaliyompata mzee."

Mradi wa sasa, wenye chati ya kijani, ni wa kuitengeneza wodi hiyo. Dari lote limebomolewa. Tarehe ya kumaliza imetangazwa kabla hata hajaombwa kuipanga.

Alifunga safari mpaka kwa Babu Koki kumbembeleza arudi. Alimkuta nyuma ya nyumba akitengeneza pampu ya jirani. Mzee alimkaribisha, akamletea kiti, akamsikiliza huku akifuta grisi mikononi.

"Mwanangu, mabomba nayaweza," alimwambia. "Watu siwawezi. Nenda salama."

Alirudi kwa miguu, asijue hata aliipitaje njia.

Akiulizwa kama anaamini wodi itafunguliwa kwa tarehe iliyotangazwa, anaitikia kwa kichwa. Itafunguliwa, anasema, na hilo ndilo linalomnyima usingizi.

Tumaini lake ni dogo. Shule ya mtaani kwao, anakosoma mtoto wake wa mwisho, inataka kujenga choo cha matundu manne. Hakuna malipo, kuna wazazi wenye majembe na mafundi wawili wa kujitolea. Wamemwomba awapangie kazi, na Jumamosi atakutana nao kwa mara ya kwanza.

"Sitakwenda na tarehe," anasema, akiwa amekaa peke yake kati ya viti vitupu vya kontena. "Nitawauliza nini kitatuzuia, na atakayesema nitamshukuru mbele ya watu. Wakiniambia choo kinahitaji mwaka mzima, nitaandika mwaka mzima."