Gaju na Maji ya Masini

Bwana yangu Sebahire iko muntu wa maziwa. Alizaliwa kati ya ngombe, kule juu ya milima ya Masisi, na tulipooana alikuwa anamaliza kopo nzima asubuhi mbele ya kusalimia muntu. Sasa mafigo yake ilikufa. Muganga alimukataza: maziwa hapana, na maji ni kikombe kidogo tu. Muchungaji wa ngombe asiyekunywa maziwa! Alinuna mpaka hata ngombe wakamukimbia.

Njo tukashuka kuishi karibu na Sake, sababu kuko kliniki ndogo yenye masini ya kusafisha damu. Tulikuja na ngombe mumoja, Gaju, sababu Sebahire alikataa kabisa kumuacha. Mara tatu kwa juma analala kwa masini. Mi ninabaki inje na bamama wengine wenye wagonjwa, tunafua mashuka.

Kiangazi kilipofika, maji ikaanza kukosa. Muganga Polycarpe, kijana mupole, akatuita.

"Bamama, masini inakula maji mingi. Kama tanki itaendelea kushuka, kila mugonjwa atapunguziwa zamu moja."

Nilishajua kukosa zamu moja ni nini. Barabara ilipofungwa siku moja, Sebahire alikosa zamu, nikaona namna alivimba na namna alihema. Niseme wazi: niliogopa nitamuzika.

Polycarpe akatuonyesha bomba nyuma ya nyumba. Maji ilikuwa inatoka pale, inaingia mu mufereji. "Hii, chujio inaikataa mbele ifike kwa masini, sababu iko na chumvi kidogo. Haijagusa mugonjwa hata mumoja. Tuiweke mu pipa, mufulie mashuka, muoshe vyoo. Ya tanki ibakie kwa wagonjwa."

Mama Dorothée, ambaye bwana wake analala kitanda ya pili, akasimama mikono kiunoni. "Inatoka kwa mambo ya mafigo, si ni mikojo? Nifulie shuka ya bwana yangu mikojo ya bwana wa mwingine? Aka!"

Bamama wakacheka, wakakataa. Polycarpe alieleza tena mpaka mate ikamukauka. Walirudi kuchota kwa tanki, na tanki ikaendelea kushuka.

Sebahire alisikia yote kwa dirisha. Tulipofika nyumbani akasema, "Mukakalisa, zamu ijayo tutaenda na Gaju."

"Kwa kliniki? Uko na wazimu?"

"Muntu anaweza kudanganya. Ngombe hawezi kukunywa mikojo."

Nilimwambia atatutia haya mbele ya batu. Sikio la kufa halisikii dawa! Siku ya zamu alitangulia mbele, Gaju katikati, mi nyuma na fimbo, tukapita soko nzima tukichekwa.

"Papa, huyu naye iko mugonjwa?" mulinzi akauliza kwa lango.

"Huyu ni dokta wa maji. Fungua."

Polycarpe alishika kichwa, lakini akamuacha apite. Pipa ilikuwa imejaa. Gaju akanusa. Akanusa tena, akageuza shingo kumuangalia Mama Dorothée, na Mama Dorothée akaanza kutabasamu. Mungu wangu, niliomba pale kushinda siku ya ubatizo! Kiisha Gaju akatumbukiza mudomo.

Hakuutoa tena. Sisi wafugaji tunajua: ngombe anapenda chumvi kama mutoto anapenda sukari. Alikunywa, akakunywa, akaramba pipa mpaka chini, kiisha akaenda kuweka mudomo kwa bomba yenyewe.

"Eh, Papa!" Polycarpe akalia. "Tulitaka kuchunga maji, na ngombe yako ameimaliza!"

"Muulize sasa Mama Dorothée kama ni mikojo."

Mama Dorothée alitukana kidogo kwa Kihunde, sababu hapendi kushindwa. Halafu akachukua beseni yake, akasukuma pua ya Gaju. "Toka hapa, wewe! Hii iko ya mashuka!" Wengine wakamufuata na mabeseni yao.

Kiangazi kikaisha, na hakuna aliyepunguziwa zamu. Gaju naye alikamata tabia: siku ya zamu anakata kamba, anakuja kulia kwa lango mpaka wamupatie yake. Sebahire aliomba kitanda ya karibu na dirisha. Jana nilimukuta anamutazama Gaju akikunywa, naye ulimi inapita juu ya midomo mikavu.

"Unamuonea wivu?" nikamutania.

"Hapana. Anakunywa ya sisi wawili."

Nikarudi mbio kwa beseni yangu, machozi ikaanguka mu maji. Haizuru, ile maji ilikuwa na chumvi tangu mwanzo.