Mwano Uliozunguka Mlima

Chuoni Dar es Salaam nilifundishwa habari za mashine zisizokuwepo. Hazikuwa na chuma wala mafuta. Zilikuwa sheria tu. Mashine ipo katika hali fulani, inasoma alama moja, inahamia hali nyingine, na haikumbuki chochote zaidi ya hali iliyomo. Mhadhiri wetu alirudia mpaka tukakereka: angalieni kama kuna hali ya kusimama, la sivyo itakwenda tu. Niliyapenda masomo yale kuliko chakula. Kisha nikapangiwa kufundisha hesabu sekondari moja ya mjini Shinyanga, darasa limefurika, chaki za kugawana, na jioni narudi chumbani kwangu Ngokolo nimechoka hata kuvua viatu naona kazi.

Likizo moja, miaka ya mwisho ya sabini, nilikwenda nyumbani upande wa Mhunze, nikitaka kulala tu. Baba alikuwa amezeeka, kifua kinambana. Kutoka mlangoni hadi zizini alipumzika njiani. Lakini kwetu kuna mwano. Ng'ombe wakiibiwa, mwenye mali hupiga ukelele huo, na kila anayeusikia lazima aupige tena na kukimbilia ulikotokea, fimbo mkononi. Kuuliza maswali ni kumsaidia mwizi. Nyumba isiyotoa mtu inatengwa, hata moto haipewi. Kwa hiyo nisingekimbia mimi, angekimbia baba, na mganga wa zahanati alishamwambia wazi kwamba mbio zitamuua.

Mwano ulisikika asubuhi moja tukinywa uji. Baba akaanza kuinuka.

"Kaa, baba. Nakwenda mimi."

Nilikimbia na wenzangu kwa hasira, namlaani mwizi, nailaani na likizo yenyewe. Kijiji cha kwanza wakatuambia umetokea mbele. Cha pili nao, mbele. Jua likapanda, tukaacha kukimbia tukawa tunajikokota, na bado kila tulipofika walituonyesha mbele.

Zamani kaya zetu zilitawanyika mbugani, na mwano ulikwenda ukafia porini. Serikali ilipowahamishia watu vijijini, vijiji vikapangwa kuuzunguka mlima wa mawe, kila kimoja kinamsikia jirani yake. Mchana, koo limekauka, nikainua macho nikaona bati la ghala la pamba la kijiji chetu wenyewe. Tulikuwa tumeumaliza mlima. Ukelele ulikwisha kuzunguka ukarudi, nasi tulikuwa tunajikimbilia wenyewe. Hata nguvu ya kucheka sikuwa nayo.

Nikamwendea mkuu wa walinzi wa kijiji chetu, mzee mmoja mwenye sauti nzito.

"Mzee, hakuna mwizi huko. Huu mwano ni wa kwetu, umezunguka. Tuwe tunataja kijiji ulikoanzia. Ukirudi pale pale, unyamazishwe."

"Mwalimu, mpaka tumalize kutajiana vijiji, ng'ombe wameshafika Tabora," akasema, na watu wakacheka. Wakaendelea mbele. Sikubishana, nilikuwa nimechoka, nikaenda nyumbani.

Dada yangu alikuwa amesimama mlangoni. "Baba ametoka," akasema. "Mwano umelia tena, wewe hujarudi. Anasema kila mwano unadai mtu wake."

Uchovu wote uliniishia. Nilimkuta si mbali, ameketi katikati ya mabua ya mtama, mkono kifuani, midomo imekauka. Kule mbele ukelele ulipigwa tena, naye akaikita fimbo ainuke.

Ningeweza kumweleza habari ya mlima. Angeona namtafutia sababu ya kubaki nyumbani kama mwanamke, angezidi kukaza mwendo. Hakuna maelezo yangu ya chuoni ambayo yangemkalisha mzee yule. Niliogopa sana.

"Wamepatikana, baba," nikasema.

Akanitazama. "Ng'ombe wa nani?"

Swali hilo sikuwa nimelitarajia. "Wetu."

Alishusha pumzi ndefu, akaniachia fimbo. Nikambeba mgongoni, naye kutwa nzima hakuuliza kwa nini huko nje bado wanapiga kelele.

Jioni wanaume walirudi wawili watatu, wameishiwa kabisa, na hakuna aliyejua nani alianza. Walipopita kumjulia hali baba, aliwashukuru mmoja mmoja kwa kumwokolea ng'ombe wake. Wakatazamana. Kisha mkuu wa walinzi akasema si kitu, mzee, ndiyo kazi yetu, na wengine wakaitikia. Nadhani nao walitaka wawe wamekimbilia kitu.

Baba hakuinuka tena vizuri, akafariki kabla ya mvua. Siku zake za mwisho aliwasimulia wageni jinsi nchi nzima ilivyomkimbilia siku alipoibiwa, kisha ananigeukia, "Si ndivyo, mwanangu?" Nami, nimeketi ukingoni mwa kitanda, namjibu kwamba ndivyo, baba, walikuja wote.