Kitabu Kisichoijua Mvua ya Nkanka

Mwanangu, sogea karibu, chai bado ya moto. Ipo siku moja ambayo nikiikumbuka hucheka peke yangu, mpaka wajukuu hudhani nimerukwa na akili. Nilikuwa bado sekondari hapa Rusizi, kijana mwenye ndevu tayari, maana vita vilikula miaka yetu ya masomo kule Kongo. Tulikuwa tumerudi Rwanda, na ng'ambo ya mto, upande wa Kongo, vita vingine vikawaka. Mpaka wa Bukavu ulifungwa na kufunguliwa bila taarifa, na walioumia zaidi walikuwa akina mama waliovuka kwenda kuuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu.

Mmoja wao alikuwa Maman Riziki, mjane wa Nkanka, kando ya ziwa. Binti yake, Riziki, tulikaa naye dawati moja. Samaki wa mama huyo walikuwa wameshaoza mpakani zaidi ya mara moja. Wakioza tena, Riziki alituambia, angeacha shule akalime vibarua na mama yake. Msichana yule alitushinda sote hesabu, na habari hiyo iliniuma kweli.

Basi shuleni kwetu kila darasa lilitakiwa kumsaidia jirani siku za Jumamosi, kisha kueleza lilichojifunza. Tukamwendea Maman Beatrisi, mtunza maktaba. Maktaba yenyewe ilikuwa chumba kimoja, nusu vitabu, nusu magunia ya maharage. Alitupa kitabu cha Kifaransa chenye picha za watu wakianika samaki juu ya vichanja, akatuagiza tukisome, halafu tukawaulize wenye samaki. Kusoma tulisoma. Kuuliza tukaona ni kupoteza muda, kwani wasomi si sisi?

Tukajenga vichanja vya matete, sawasawa na picha. Nikawasomea akina mama kwa sauti ya padri, nao wakapiga makofi. Alasiri ikashuka mvua, na kwetu mvua haipigi hodi. Sambaza wakawa uji, na paka wote wa Nkanka wakala sikukuu.

Tulirudi vichwa chini. Maman Beatrisi alicheka hadi akajifuta machozi kwa kitenge, kisha akakunja uso, akasema kwa Kiswahili chake cha Kongo:

"Batoto bangu, ile kitabu inajua samaki, lakini haijue mvua ya Nkanka. Muliuliza bamama?"

"Hapana, Maman."

"Basi murudi kule. Mukuje na maulizo yabo, hapana majibu yenu."

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kumbe Maman Riziki aliliona kosa tangu asubuhi, ila alituonea haya. "Muko batoto ba masomo," alisema, "ningesema nini?" Akatueleza kwamba jua halikumsumbua sana, shida yake ilikuwa mvua, na kuni ambazo hazipatikani. Maswali hayo tukayapeleka maktaba. Waliosoma Kifaransa wakawatafsiria waliosoma Kinyarwanda, hadi tukapata mfano wa jiko la udongo la kubanikia samaki kwa kuni chache. Paa walilibuni akina mama wenyewe, kwa shitingi za bluu, yale maturubai tuliyotoka nayo kambi ya wakimbizi. Tukajenga pamoja, wao wakituamrisha na kututania.

Mpaka ulipofungwa tena, sambaza wa Maman Riziki walikaa wakisubiri ufunguliwe, wakavu na wazima. Ulipofunguliwa alivuka nao, akarudi anaimba. Riziki akabaki darasani, akaendelea kutuaibisha kwenye hesabu.

Siku moja mama yake akaja maktaba. Akavua ndala mlangoni, akasimama kwa haya.

"Maman Beatrisi, miye sijue kusoma. Naweza kuazima kitabu ya kuku? Riziki atanisomea."

Maman Beatrisi alisogeza gunia la maharage, akaweka kiti mahali pake, akamkaribisha akae. Mwanangu, siku ile nililia, na sikuona aibu.

Kwa hiyo nakuusia. Ukiwa na maktaba shuleni, usiifanye ghala. Nenda kwa jirani, sikiliza kabla hujafundisha, lichukue swali lake ulitafutie jibu vitabuni, kisha mlijaribu pamoja naye kwa mikono yenu. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Na usisahau kumwekea jirani huyo kiti ndani ya maktaba, kwa kuwa elimu hiyo ni yake pia.

Mungu akuzidishie akili na unyenyekevu, wanao wasome bila kukatishwa na vita, na kila mlango utakaobisha ufunguliwe na mtu anayetabasamu. Amina.