Wema wa Nyoka Hauandikwi

Fundi mapazia alimlea binti wa mumewe tangu akiwa na miaka minne, na kwa miaka kumi na mitatu hakuwahi kudai asante. Alitaka jambo moja tu, nalo lilimkaa rohoni: yule binti aandike, hata mara moja, kwamba mama wa kambo naye ana moyo.

Maana binti alikuwa mwandishi. Alikuwa katika kundi la simu la wapenzi wa tamthilia moja ya televisheni, wale ambao kipindi kikiisha hawaridhiki, huwachukua wahusika na kuwatungia visa vyao wenyewe. Katika tamthilia hiyo kulikuwa na mama wa kambo waliyembandika jina la Nyoka. Alikuwa na ulimi mkali, ni kweli. Lakini ndiye huyo huyo aliyekesha hospitali siku tatu na mtoto wa mwenzake, na wote waliona kwa macho yao. Kundini kisa kilipoandikwa upya, aliyekesha akawa jirani. Nyoka akapewa kazi ya kutia sumu kwenye uji. Hiyo ndiyo kanuni yao, na mwenyekiti wa kundi, msichana ambaye hajawahi kulea hata paka, aliisimamia kama hakimu: wema wowote wa Nyoka apewe mtu mwingine. Kila Ijumaa walishindana nani atamuua vizuri zaidi. Ameshatumbukia kisimani, ameshagongwa na lori, ameshakabwa na mwiba wa samaki huku wasomaji wakicheka mpaka machozi. Watu wazima na akili zao!

Fundi alivisoma vyote, simu kaiegemeza kwenye kopo la pini, mkono ukipiga pindo. Mumewe alimshangaa. "Wewe nawe! Si hadithi tu hizo?" Ni rahisi kusema hivyo, yeye hakuna aliyemshikisha sumu mkononi.

Ijumaa moja mchana binti aliingia mbio chumba cha kushonea. "Ma'mdogo, nimeshika namba moja! Hebu soma."

Akasoma. Mtoto wa miaka mitano ana homa kali, asubuhi ya mvua, barabara imejaa maji na magari hayapiti. Shangazi yake anamfunga mgongoni kwa kitambaa kijani cha pazia, anatembea naye hadi zahanati, anateleza darajani, anapasuka goti, anainuka, anaendelea. Nyoka yuko nyumbani, kajifunika shuka, anakoroma.

Fundi aliijua asubuhi ile. Kitambaa kile kilikuwa cha mteja wake, ambaye hakurudi tena. Goti lile lilikuwa lake, na lilishonwa nyuzi saba. Shangazi mtu, yaani wifi yake, alifika zahanati jioni, mvua imekatika, na mfuko wa machungwa mkononi. Tangu siku hiyo akawa ndiye msimulizi wa safari nzima, kila wageni wakija.

"Umeandika vizuri," alisema kwa taabu. "Lakini mwanangu, kwa nini aliyembeba asiwe Nyoka?"

Binti akaangua kicheko. "Ma'mdogo bwana! Nyoka? Wangenifukuza kundini. Halafu nani angeamini?"

"Na wewe siku ile ulibebwa na nani?"

Alitegemea binti aone haya, ainamishe macho, aseme nisamehe, ndiyo kanuni yetu. Hilo angelimeza, amemeza mengi. Binti alimtazama bila hila yoyote.

"Si shangazi? Mbona nakumbuka kabisa. Nakumbuka mpaka damu kwenye goti lake."

Fundi alikuwa na kovu lake pale pale, chini ya gauni. Hakulifunua. Aliogopa binti angemuuliza alianguka wapi.